Simu Kifuani, Mzigo Kichwani

Nimefanya kazi ya upagazi katika Mlima Kilimanjaro tangu ujana wangu, kama alivyofanya marehemu baba yangu. Leo mimi ni mwongozaji msaidizi, na ni mpiga picha. Kamera yangu ni simu ya kawaida niliyoinunua mtumba mjini Moshi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu simu hiyo imebadilisha namna ninavyouona mlima, namna ninavyowatazama wenzangu, na namna watu wa nyumbani wanavyoielewa kazi yetu. Namlenga hasa kijana anayebeba mzigo leo na kudhani kwamba picha za mlima ni mali ya wenye kamera kubwa. Anayeujua mlima tayari ana nusu ya picha. Nusu iliyobaki anaweza kuimalizia kwa simu iliyo mfukoni mwake.

Kwa miaka mingi mlima kwangu ulikuwa kilo na saa. Pale geti la Machame kila mzigo hupanda mizani kwanza, kwa kuwa kanuni inataka mpagazi asizidishiwe kilo 20. Ukishatoka hapo mfuko uko kichwani au shingoni na macho yako chini, kwenye mizizi, tope na mawe yanayocheza. Wagumu, kama tunavyoitana wenyewe wapagazi, hutangulia ili wageni wakifika kambini wakute mahema yamesimama na maji yanachemka. Nilivuka msitu, nikatokea Shira, nikateremka Barranco, safari baada ya safari, na jioni ungeniuliza nimeona nini ningekutajia hali ya njia tu.

Picha zilikuwa za wageni. Sisi tuliitwa kuwapiga: tulikabidhiwa kamera, tukaonyeshwa pa kubonyeza, tukairudisha. Katika picha zao tulitokea kwa mbali, migongo na mifuko. Jambo hilo lina historia ndefu. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Huku kwetu tunamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaonyesha njia, lakini watu waliobeba mahema na vyakula vya safari ile, wengi wao hata majina yao hayasikiki. Baba yangu naye alibeba mizigo hadi magoti yakamkatalia, na nyumbani hatuna picha hata moja inayomwonyesha akiwa mlimani.

Simu niliinunua kwa ajili ya kuwasiliana na nyumbani na kupokea malipo. Siku moja tukiwa kambi ya Karanga, asubuhi kweupe, kilele cha Kibo kimesimama mbele yetu kimejaa mbingu nzima, nikakipiga picha. Kwenye kioo kilitokea kilima kidogo tu, chenye weupe kidogo juu. Mwongozaji wetu, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na wapiga picha wa filamu, aliiangalia akasema, "Mdogo wangu, lenzi ya simu imetengenezwa kuona upana. Inakusanya vitu vingi, kwa hiyo kila kilicho mbali inakirudisha nyuma. Mtume mwenzako akasimame kule kwenye ukingo, na mzigo wake kichwani. Halafu piga."

Nikamwomba mwenzangu, akaenda. Alipofika mbali, akawa mdogo kama kidole, nikapiga tena kutoka palepale. Safari hii Kibo kilikuwa Kibo. Jicho la mtazamaji lilipata kitu cha kulinganishia: huyu ni mtu, na ule ukuta ulio nyuma yake ni mlima. Na aliyeupa mlima ukubwa wake alikuwa mpagazi, akionekana mzima, kwa heshima yake. Nadhani mabadiliko yangu yalianzia hapo.

Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi. Somo la kwanza lilikuwa mwanga. Jioni pale Shira jua huzama upande wa Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,562, na mbingu hugeuka rangi ya chungwa lililoiva. Ukiinua simu na kubonyeza tu, yenyewe hujaribu kuangaza nyuso za watu walio gizani, na katika kufanya hivyo huifuta mbingu ikawa nyeupe. Dawa yake ni nyepesi. Gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, shikilia kidole hadi simu ifunge mwangaza hapo, kisha teremsha alama ya jua inayotokea pembeni. Mbingu inarudisha rangi zake, na watu wanabaki vivuli vyeusi vyenye umbo safi. Mpishi aliyeinama juu ya sufuria na mtu anayekaza kamba ya hema hujulikana hata bila sura kuonekana, kwa sababu kila kazi ina mkao wake.

Somo la pili nililipata miguuni mwangu, kwenye msitu niliokuwa nikiukimbia. Kando ya njia huota ua dogo jekundu lenye rangi ya njano, refu kama kifundo cha kidole, ambalo wataalamu huliita Impatiens kilimanjari. Huota katika mlima huu tu, duniani kote. Niliwahi kulipita bila kujua lipo. Sasa nikishusha mzigo kupumzika napiga goti, nafuta lenzi kwa kitambaa laini kwa kuwa jasho na vumbi la mfukoni huifanya picha iwe na ukungu, nasogea mwenyewe badala ya kuvuta picha kwa vidole, maana simu nyingi zikivuta hukuza tu chembe zilezile na picha inaharibika. Nagusa ua kwenye kioo, nasubiri lenzi itulie. Mawingu ya msituni yanasaidia: mwanga wake ni laini, hauna vivuli vikali, na tone la maji lililoning'inia kwenye ua linaonekana na msitu mzima ndani yake, umepinduka juu chini.

Hapo nikaelewa kitu ambacho wenye kamera ghali hawawezi kukinunua. Sisi tunajua saa za mlima. Tunajua kwamba asubuhi kilele huwa wazi, na kadiri jua linavyopanda mawingu hupanda nalo kutoka msituni, hadi mchana mtu asione hata kambi ya pili. Tunajua kwamba pale Barranco ile miti mirefu yenye vichwa vya majani, Dendrosenecio kilimanjari, hufunga majani yake usiku ili kukinga chipukizi na baridi, na majani makavu hubaki yamelivisha shina kama koti. Mgeni aliyechoka huamka jua limeshapanda, majani yameshafunguka. Mgumu yuko macho tangu alfajiri anachota maji, na njia ya kwendea maji inapita katikati ya miti hiyo. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote niliipiga nikiwa na ndoo mkono mmoja: mti umefumba, umande umeganda kwenye ncha za majani, na nyuma yake mwanga wa kwanza unagusa kuta za Kibo.

Baridi nayo ina adabu zake. Usiku wa kupanda kileleni kutoka kambi ya Barafu, betri ya simu iliyokaa mfuko wa nje huzimika ingawa ilikuwa imejaa, kwa sababu ubaridi huidhoofisha kwa ndani. Yangu huivaa kifuani, chini ya sweta, na pawabenki huilaza pamoja nami kwenye mfuko wa kulalia. Kioo hakisikii kidole chenye glovu, kwa hiyo nabonyeza kitufe cha sauti, ambacho katika simu nyingi hupiga picha. Kwa picha za nyota naiegemeza simu kwenye jiwe, naweka sekunde chache za kusubiri ili mtikisiko wa mkono usiingie, kisha nakaa pembeni. Na nikiingia kwenye hema la jikoni lenye joto, simu hubaki kwanza ndani ya mfuko usiopitisha hewa uliofungwa vizuri, la sivyo unyevu hujikusanya kwenye lenzi.

Jua linapochomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi, tukiwa karibu na ukingo wa kreta, wageni hulia, wengine hukumbatiana. Mimi hupiga picha zao, kisha tukielekea kilele cha Uhuru, kwenye mita 5,895, hupiga barafu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikadiriwa kuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Siku hizi haifiki 2. Ninao mwamba mmoja ninaosimama juu yake kila ninapopanda, na kutoka hapo naupiga ukuta uleule wa barafu kwa upana uleule. Nikizipanga picha hizo kwa tarehe, mtu yeyote anaona ukuta unavyorudi nyuma, hata asiyejua kusoma namba. Wajukuu wetu watakapoambiwa mlima huu ulikuwa na kofia nyeupe, nataka waone ushahidi uliopigwa na mtu wa hapahapa.

Lakini mabadiliko makubwa yalitokea nyumbani. Mama yangu alizaliwa chini ya mlima huu. Kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe anakiona Kibo, ila hajawahi kuuvuka msitu. Siku moja nilimwonyesha picha ya hema letu wapagazi kule Barafu, turubai limeganda, viatu vimepangwa mlangoni, na vichwa vya wenzangu vimejifunika hadi puani. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho.

"Huku ndiko baba yako alikokuwa analala?"

"Ndiyo, mama. Ni huku."

"Na baridi yote hii?"

"Baridi yote hii, mama."

Akaitazama tena. "Alikuwa akirudi anasema kazi ni nzuri, tumshukuru Mungu."

Tangu hapo mama hunifungia nguo za kuvaa ndani kila ninapopanda, na amewaambia shangazi zangu wote kazi ile ni ya namna gani. Wake wa wenzangu nao wakaanza kuomba picha za waume zao. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilipofikishwa kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ikawezekana mtu apigwe picha akishusha mzigo na mtoto wake aione kabla ya kwenda kulala. Nimeona watu wazima wakinyoosha kola zao na kupangusa vumbi usoni kwa ajili ya picha hiyo.

Ndiyo maana nina masharti ambayo siyavunji. Simpigi mtu picha bila kumuuliza, hata kama ni rafiki yangu, na akisema hapana basi ni hapana. Simpigi aliyezidiwa na kichefuchefu cha mlimani. Simsimamishi mwenye mzigo kichwani. Namsubiri mahali pa kupumzikia. Na kwenye ukuta wa Barranco, ambako mtu hushika mwamba kwa mikono miwili, simu haitoki kifuani mwangu hadi tufike juu. Hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtu.

Kwa upande wa kipato, nimepata kitu, na nasema wazi kwa sababu vijana wataniuliza. Wapo wageni wanaonilipa nyongeza niwapigie picha za safari nzima, kwa kuwa vidole vyao vimeganda na mimi najua wapi pa kusimama. Hata hivyo, kilichoniinua zaidi ni kwamba nilianza kuulizwa maswali niliyokuwa na majibu yake. Mgeni akiona picha ya mti uliofumba anataka kujua kwa nini umefumba, na katika kumweleza niligundua ninaujua mlima kuliko nilivyodhani. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyonipa ujasiri wa kusomea uongozaji. Nilipokuwa nahesabu kilo na saa, sikujua kama nilikuwa nakusanya elimu.

Kijana mwenzangu, usisubiri simu ya bei ya mbuzi watatu. Iliyo mfukoni mwako inatosha. Futa lenzi. Simama mahali unapopajua, saa unayoijua. Sogea kwa miguu. Shusha mwangaza mpaka mbingu irudi. Mweke mtu wako ndani ya picha, kwa ridhaa yake, ili mlima uonekane ukubwa wake naye aonekane ukubwa wake. Kisha usiache picha hizo zikafia kwenye simu: zitume nyumbani, zichapishe mjini, andika nyuma yake jina la mtu, mahali na mwaka. Baba zetu walibeba mlima huu na hatuna cha kuwaonyesha watoto. Sisi hatuna sababu ya kupita hivyohivyo.