Mashua ya Mapande

Jumatatu, 10 Juni 2024
Sanduku limefika kwa basi la usiku kutoka Dar. Binti yangu alilinunua Muscat, akampa mtu anayekuja nyumbani. Ndani mna mashua ya tanga ya mfano: mbao nyembamba zilizofungwa mafungu mafungu, mlingoti, foromali, kitambaa cha tanga, uzi wa kamba, na mataruma ya plaiwudi yaliyokwisha kukatwa kwa mashine. Mchoro unaonyesha mashua ya wavuvi wa Ulaya. Nimevitandaza vyote mezani, na mjukuu wangu akauliza kwa nini meli ijengwe Tabora, mahali pasipo hata mto wa kuogelea.

Nimemwambia kwamba Tabora imeona vyombo vingi vya maji, ila vilikuja vikiwa vipande. Ile Liemba anayoisikia, meli ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, na kutoka Dar ikapanda reli hii hii inayopita stesheni yetu mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Kabla ya reli, mashua zilipita juu ya mabega.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeamua. Sitajenga mashua ya mchoro ule. Nitachukua mbao zake, mlingoti na tanga, halafu mkuku na mataruma nitayachonga mwenyewe kwa mninga, niipate Lady Alice, mashua ya msafiri Stanley. Hiyo iliundwa Teddington, kando ya mto Thames, na James Messenger, kwa mbao nyembamba za mwerezi: urefu futi 40, upana futi 6, mapande matano ya futi nane nane. Kwa kipimo cha nusu inchi kwa futi nitapata chombo cha inchi 20, kila pande inchi nne. Hesabu inakaa vizuri hata kabla ya kushika msumeno.

Lazima niandike hapa, nisije nikamdanganya mtoto: Lady Alice haikupita Tabora mjini. Iliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ikafuata njia ya Ugogo, kisha msafara ukakata kaskazini kupitia Iramba hadi Kageyi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ukafika mwisho wa Februari 1875. Mwaka uliofuata, ikielekea Ujiji, ndipo ilipoingia Unyamwezi ya magharibi, na Stanley akachanjiana damu na Mtemi Mirambo. Iliyofuata barabara kuu ya misafara ni Morning Star ya wamisionari wa London, ambayo Kapteni Hore aliipeleka Ujiji kwa mapande kati ya 1882 na 1883.

Jumapili, 23 Juni
Mabaki ya mninga nimeyapata kwa vijana wanaotengeneza vitanda, vipande vya kahawia vyenye mistari ya dhahabu. Mninga haujipindi ukishakauka, na mchwa hauli. Ukipiga randa, harufu yake inajaza ua mzima. Mataruma yametoka safi.

Kazi yenyewe iko kwenye maungio. Mashua ya kawaida ina taruma moja kila mahali. Hii inataka mawili kila linapokutana pande na pande, yamegusana mgongo kwa mgongo, kwa sababu ikikatwa, kila pande libaki na ukuta wake. Nimeyaunganisha mawili mawili kwa gundi, na katikati nimeweka karatasi ya gazeti. Karatasi inashika vya kutosha wakati wa kupigilia mbao, na siku ya kutenganisha inachanika bila kuumiza mti. Kabla ya gundi nimetoboa matundu mawili kupita yote mawili, ili skrubu zije zirudi mahali pale pale.

Jumamosi, 6 Julai
Mbao za ubavuni leo. Naziloweka katika maji ya moto, nazikunja taratibu kwenye ncha ya pasi ya mkaa, nazibana kwa vibanio vya nguo vya bibi yake mjukuu hadi zikauke. Ubavu wa kushoto na wa kulia lazima uende sawa, ubao kwa ubao, la sivyo mkuku unavutwa upande. Mkono unafanya, na akili inapata nafasi ya kutembea.

Imetembea mpaka Unguja. Stanley alipoipokea Lady Alice pale, alikuta mapande ni mazito mno na mapana mno. Kila moja lilizidi ratili 200. Njia ya msafara ilikuwa ya mtu mmoja nyuma ya mwenzake, katikati ya vichaka vya miiba, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Ikabidi atafutwe seremala pale pale Unguja ayapunguze na kuyagawa. Nimelifikiria jambo hilo asubuhi nzima. Messenger alijua maji, lakini chombo kile kilikuwa na bwana wa pili, na huyo hakuwa bahari wala ziwa. Alikuwa bega la mpagazi. Bega ndilo lililosema pande liishie wapi, liwe pana kiasi gani, ubao uwe mwembamba kiasi gani. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuweka kipimo hicho kwa miaka mingi ya pembe na vitambaa, na kazi ya fundi wa Uingereza ikalazimika kukifuata. Katika vitabu vya mashua sijaona bega likiandikwa miongoni mwa vipimo. Mimi nimeliandika kwenye mchoro wangu, pembeni, chini ya urefu na upana.

Jumatano, 17 Julai
Nimekata. Msumeno wenye meno madogo kabisa, kufuata mstari wa karatasi, maungio yote manne. Mjukuu ameshika taa. Karatasi imechanika kama nilivyotaka, nusu huku na nusu kule, na mapande matano yamekaa mezani kila moja likisimama peke yake. Nimesafisha kuta kwa msasa, nikarudisha skrubu. Mstari wa maungio unaonekana wazi na nimeuacha hivyo, sitaupaka rangi.

Jirani yangu, mzee wa Urambo, alipita kuamkia, akalishika pande la katikati, akaligeuza, akaliweka begani, dogo vile. “Hili la nyuma ya shingo,” akasema, “wawili, na mti katikati.” Hakuna aliyemweleza chochote.

Jumatano, 31 Julai
Siku kama ya leo, mwaka 1877, Lady Alice iliachwa juu ya mawe karibu na maporomoko ya Isangila, mto Kongo. Ilikuwa imezunguka Ziwa Viktoria na Tanganyika na kushuka mto ule mkubwa. Uledi, nahodha wake wa usukani, aliokoa watu wengi kwenye maji yale. Frank Pocock, mwenzake Stanley safarini, alizama humo Juni mwaka ule ule. Binti kapiga simu jioni: “Shikamoo baba, meli imekwisha?” Marahaba, nimemwambia, imebaki tanga. Akataka picha iliyoungwa. Nimempigia mbili, ya pili ikiwa na mapande matano yamepangwa kwa mstari, omo mbele, tezi nyuma.

Jumamosi, 3 Agosti
Bwawa la Igombe, na upepo wa kiangazi. Mjukuu na wenzake walibeba mapande wenyewe kutoka barabarani, kila mmoja lake, wakabishana nani atangulie. Maungio nilikuwa nimeyapaka nta ya asali ya hapa hapa Tabora iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Mashua ilielea wima, tanga likashika upepo, ikaenda mpaka uzi ukaisha. Tulipoivuta, pande la tatu lilikuwa na maji kidogo, si zaidi ya kijiko. Nta peke yake haitoshi. Kati ya ukuta na ukuta panataka ngozi laini. Jumatatu nitakwenda kwa fundi viatu anikatie vipande vinne, vyembamba kadiri kisu chake kinavyoweza.