Wimbo wa harusi kwenye mazishi

Ndugu wazazi, kijana mwenzetu aliyeko Bujumbura anatengeneza filamu fupi. Alitafuta wimbo wa sehemu ya mazishi. Programu ya kompyuta ikasikiliza nyimbo zake zote, ikamchagulia mmoja: wa polepole, wa huzuni. Kumbe ni ule mama zetu wanaoimba wakimsindikiza bibi harusi! Tungecheka penye kilio.

Programu hizi zinajua kile tu zilichofundishwa. Mkusanyo mmoja maarufu wa kuzifundishia, GTZAN wa 2002, una vipande 1,000 vya aina 10: roki, jazi, disko, rege na nyingine. Rumba yetu haimo. Inanga ya Warundi haimo.

Sasa wanafunzi wangu wanaandika nyimbo za hapa kambini: jina, lugha, unaimbwa lini. Wakija jioni kuwauliza, msiwafukuze jamani. Hasa nyinyi bibi zetu.