Waliiba Mashine, Wakaondoka na Sauti ya Nyanya

Wahenga walinena kuwa ulimi uliponza kichwa. Wangu haukukiponza kichwa changu, uliiponza nyumba ya baba yangu, na hadi leo deni hilo sijalimaliza.

Mwaka 1999 nilikuwa darasa la sita, kwetu Silibwet, wilaya ya Bomet kama ilivyoitwa siku hizo. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kinasa sauti aina ya Uher kilichoundwa Ujerumani. Aliuziwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago kuondoka mashamba ya chai ya Kericho. Hakikuwa kama redio kaseti za madukani. Utepe wake ulizunguka katika magurudumu mawili yaliyolala juu ya mashine, na kilikula betri tano kubwa kwa mpigo. Mashine za namna hiyo ndizo walizobeba watangazaji wengi wa redio kabla ya kaseti kuenea. Kijijini kwetu hapakuwa na nyingine.

Baba aliiweka katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Jioni moja mwaka 1995 aliitoa, akaiweka mbele ya Kogo, yaani nyanya yetu, akamwomba aimbe nyimbo za kubembelezea watoto na kutaja wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata Kogo akafariki. Tangu hapo, kila Krismasi, tuliketi kimya kumsikiliza.

Nami shuleni nikajigamba kwamba kwetu kuna mashine yenye thamani kuliko ng'ombe watatu.

Ulipofika msimu wa bonasi ya chai, wakati ambapo wezi hujua kila nyumba ina kitu, wazazi walienda kanisani Jumapili moja wakaniacha nilinde boma. Nikasikia vijana wakishangilia mpira uwanjani. Nilitia mlango kufuli, nikaenda "dakika tano tu". Niliporudi, dirisha lilikuwa limeng'olewa. Redio haikuwapo, blanketi mbili hazikuwapo, na chini ya kitanda palibaki alama ya mraba penye vumbi kidogo.

Baba aliporudi aliinama, akapatazama hapo, akainuka. Hakunichapa. Aliuliza neno moja tu: "Na utepe?"

Utepe wa Kogo ulikuwa umo ndani ya mashine. Nyingine tatu walizitupa sakafuni, kwani hawakuona faida yake.

Kituoni, askari aliyekuwa akiandika ripoti alitaka kujua thamani ya mali iliyoibwa. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Andika shilingi elfu mbili." Hiyo ilikuwa bei ya chuma na nyaya. Sauti ya mama yake hakujua angeiandika wapi.

Wiki tatu baadaye, fundi mmoja wa redio mjini Bomet alimwambia baba kuwa kijana asiyemfahamu alimletea mashine ya ajabu, isiyokuwa na mahali pa kutia kaseti. Fundi alimpa shilingi mia moja na hamsini kwa mota yake peke yake. Kijana alikataa, akaondoka. Kwake yeye mashine ilikuwa mzigo usiouzika. Kwetu ilikuwa mtu.

Kisha siku moja nikitoka shuleni niliona shamba la wimbi limezungushiwa utepe wa kahawia ili kutisha ndege. Ulikuwa ukivuma kwa upepo. Wakulima hutumia utepe wa kaseti zilizoharibika, lakini huu ulikuwa mpana karibu mara mbili ya wa kaseti. Nilikimbia kumwita baba. Mwenye shamba, mama mmoja mjane, alisema aliuokota kando ya barabara, akaomba radhi mno. Baba aliukunja juu ya kijiti, kipande kwa kipande. Mvua ilikuwa imeunyeshea, jua limeukausha, na ule unga wa kahawia unaobeba sauti ulikuwa ukibanduka na kubaki vidoleni mwake.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kisa kilichonirudisha kwenye shamba lile. Mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey alipita katika nchi ya Wakipsigis na mitambo yake akinasa nyimbo. Miongoni mwake zilikuwamo zilizoitwa Chemirocha, jina lililotokana na la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi milima yetu. Nyimbo hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Yapata miaka 65 baada ya kunaswa, nakala zilirejeshwa kwa wenyewe. Waama nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu. Sauti za wale zilinusurika kwa sababu zilikuwa na nakala mahali pengine. Ya Kogo ilikuwa moja tu.

Mwaka jana nilizibeba zile tepe tatu hadi kwa fundi mmoja Nairobi ambaye angali na mashine ya kuzichezesha. Mbili zilikuwa na kwaya na hotuba za siku ya wazazi. Ya tatu ilikuwa ya harusi ya shangazi. Mwishoni kabisa, watu wakicheka, sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa Kikipsigis: "Zimeni hicho, msije mkammalizia mwalimu betri."

Nilimpigia baba simu nikamsikilizisha. Aliomba nirudie mara tatu. Kisha akasema, "Ni yeye."

Msomaji, mwizi huchukua chombo, lakini sisi ndio tunaomwachia na kilichomo. Iandike nambari ya mashine yako mahali salama, maana bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kuwa ni yako. Usinunue mali usiyoijua itokako, kwani sheria ya Kenya inaweza kumfunga mpokeaji wa mali ya wizi hadi miaka 14. Zaidi ya yote, kama una kaseti ya mzazi wako kabatini, ipeleke inakiliwe wiki hii, nakala moja ubaki nayo na nyingine umpe ndugu yako. Nawe kijana, mali ya nyumbani kwenu usiitangaze uwanjani.