Tulimpeleka bi harusi Ziwa Chala



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunapata maswali yale yale: singo ianze lini, hina nyeusi au nyekundu, fungate twende wapi. Leo tunajibu hilo la tatu, ila kwa kupinda kidogo, maana safari tuliyokwenda haikuwa ya fungate. Ilikuwa ya kabla ya harusi, wanawake watano, bi harusi akiwa mmoja wetu, na hatukwenda ufukweni. Ufukwe tunao. Tulikwenda kutazama maji yaliyokaa ndani ya mdomo wa volkano.

(Na kabla hamjatuandikia: ndiyo, tulikuwa na maharimu. Kaka wa bi harusi ndiye aliyeendesha gari kutoka Moshi, na mume wa mmoja wetu alibeba ndoo ya vyakula safari nzima bila kunung'unika. Wa hivyo wapo.)

Ziwa Chala liko upande wa Rombo, chini kabisa ya mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Wanaita ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano lililojaa maji. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4 na kidogo, na kina chake kinafika kama mita 90. Hakuna mto wa maana unaoingia, wala hakuna unaotoka. Mvua inanyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro, maji yananywea ardhini, yanapenya miambani, na yanakuja kutokea humu bila mtu kuyaona yakipita. Na mengine huondoka vivyo hivyo, chini kwa chini.

Kinachoshangaza ni kwamba huoni dalili yoyote mpaka umefika. Unapita nyika kavu, migunga na vumbi, unasema hapa hata kisima hakipo. Halafu ardhi inakatika mbele yako, na chini kule ni maji ya buluu inayoelekea kijani, yametulia kama yamemiminwa kwenye bakuli. Hakuna aliyesema neno isipokuwa subhanallah. Mmoja wetu, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata kwenye maulidi, alinyamaza dakika tano nzima.

Humo ndani kuna aina ya perege ambaye asili yake ni ziwa hili tu, hana kwingine duniani. Na tope la chini yake hutuama kwa matabaka membamba, mwaka juu ya mwaka, kama kurasa za daftari. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu ya ziwa zaidi ya mita 200 kwenda chini ili wasome humo habari za mvua na ukame wa zama za kale. Tulipomwambia bi harusi hayo aliuliza kama na sisi tutaandikwa kwenye tope. Tukamwambia labda unga wa mandazi yetu.

Sasa tuwaambie kwa nini yeye, na kwa nini maji.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi ilipozama ile meli mkondo wa Nungwi, Septemba 2011, ikielekea Pemba. Nyie wa Unguja na Pemba hamhitaji kuelezwa usiku ule. Hakuna mtaa ambao haukuweka matanga. Shangazi yake alikuwamo. Tangu siku hiyo hajaingia baharini hata kwa maji ya magotini. Anakaa hatua chache kutoka pwani, na Idi zote anabaki juu na mikoba yetu. Na Allah kwa kudra Yake akamletea mchumba mzuri, mwenye dini na adabu, mtu wa Wete.

Nyumbani kwao wakaanza mazungumzo ya ndege. Sawa, ndege ipo, lakini mume ni mwalimu wa skuli, na binti atataka kuja kwa mama yake akiumwa, akijifungua, kwenye misiba na harusi. Nauli ya ndege ya kila mara haitoki kwenye mshahara ule. Somo wake alimfundisha kila kitu cha ndani ya nyumba. Hili la bahari hakuna aliyejua la kumwambia.

Na tuseme jambo ambalo watu wa visiwani hatupendi kulisema: wengi wetu wanawake hatujui kuogelea. Kaka zetu walijifunza wenyewe, wakiruka gatini na kuchapwa wakirudi. Sisi tuliambiwa tukae, mara kwa sababu ya nguo, mara kwa sababu ya macho ya watu. Nungwi kuna Panje Project waliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, na wakufunzi wanawake, na mmoja wetu alijifunza kwa mtindo huo huo. Yale maneno ya kuwafundisha watoto kuogelea, ambayo tunayasikia sana kwenye mawaidha, yananasibishwa na Sayyidna Umar. Tunapoyasikia, tunawaangalia wavulana tu. Sijui mabinti tumewaweka kwenye fungu gani, wala si mwanga wa dini uliotufanya hivyo, ni mazoea.

Basi fikra ilikuwa kumtoa kwenye chumvi. Maji yasiyo na wimbi, yasiyo na meli, yasiyo na Nungwi.

Njia ya kushuka toka ukingoni hadi majini ni kali. Mawe yanateleza, miti ya miiba inakushika ushungi, na nyani wanakutazama kama wenye nyumba. Vaeni raba zenye kushika, na buibui refu la kuburura muliache kwenye gari. Gauni pana linaloishia kifundoni na suruali ndani yake linatosha na linasitiri. Bebeni maji ya kunywa zaidi ya munavyodhani, kwani kupanda kurudi ndiko kwenye kazi, na jua la huko halina upepo wa bahari wa kulipoza.

Tulipofika chini, bi harusi alisogea mpaka ukingo wa maji, akavua viatu. Sote tulikuwa tunamtazama kwa pembe ya jicho. Muongoza njia wetu, kijana mstaarabu, akasema, "Dada zangu, kunawa sawa. Kuogelea hapa, hapana."

Ziwa hili limekuwa na mamba. Mwaka 2002, upande wa Kenya, msichana wa Kiingereza aliyeingia kuogelea aliuawa na mamba. Hata hivyo picha za watu wakielea Chala zimejaa kwenye simu, na siku ile ile palikuwa na kundi la vijana wamejitupa majini wanacheka, wakatuita na sisi. Hapo tukagawanyika. Mmoja wetu alisema wazi kwamba hatukulala kwenye basi kutoka Dar mpaka Moshi ili tuje kunawa mikono. Mwengine akasema vijana wale mbona wazima.

Bi harusi ndiye aliyemuuliza muongoza njia, "Kaka, mamba wapo au hawapo?"

"Mimi mwaka huu sijamuona," alijibu. "Lakini siwezi kukuambia hayupo."

"Basi hatuingii," akasema, na akavaa viatu vyake.

Alivyolisema ndivyo vilivyotugusa. Tumezoea kumsikia akikataa maji kwa sauti ya kutetemeka, na watu wakimcheka au kumbembeleza. Safari hii alikataa kama mtu anayekataa nyama asiyoijua imechinjwa na nani. Hakuna aliyembembeleza. Na nyie tunawaambia hivyo hivyo: Chala nendeni mukatembee, mukatazame, mukae. Kuogelea wacheni, hata mukiwaona wengine wamo.

Tulitia udhu kwa kopo, tukichota mahali penye mawe ambapo maji ni mafupi na yanaonekana mpaka chini, mmoja anachota na mwengine anatazama. Tukatandika kanga kivulini tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, mbili mbili. Wengi mnaulizia hili, kwa hivyo kwa ufupi, kwa sisi wa madhehebu ya Shafii: msafiri wa masafa marefu anafupisha zile za rakaa nne tu, Magharibi inabaki tatu na Alfajiri mbili, na ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, unasali kamili tangu unapofika. Ukiwa na jambo lako mahsusi muulize shekhe wako.

Kuogelea tulikwenda kesho yake, na hapa wenyeji wa Moshi walitusaidia. Kuna chemchemi za Kikuletwa, wengi wanaziita Chemka, unaingilia Boma Ng'ombe na kumeza vumbi la kutosha. Maji yake nayo yanatoka chini ya ardhi ya volkano, safi kama kioo, vuguvugu, yamezungukwa na mizizi ya mikuyu. Si ziwa la kasoko, lakini ndipo mwanamke anapoweza kuingia bila kumfikiria mamba. Sharti ni moja: fika mapema mno. Kuanzia saa tatu nne asubuhi gari za watalii zinajaa, muziki unafunguliwa, na faragha imekwisha. Sisi tuliondoka mara baada ya Alfajiri. Wanaume wetu wawili walikaa juu njiani wakatupa mgongo, na sote tulivaa burkini juu ya hivyo, kwani pahali pa wazi hujui nani atatokea.

Yule wetu aliyejifunza kuogelea aliingia mwanzo. Bi harusi alishuka kwa mizizi, hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama. Maji yalipofika kifuani alianza kupumua haraka haraka. Hatukumwambia usiogope. Tulikaa tu pale, tumemzunguka, visamaki vidogo vinatutafuna vidole vya miguu, na mmoja wetu akapiga kelele za samaki mpaka bi harusi akacheka. Kwenye kicheko kile mwenzetu akamuwekea mkono chini ya shingo na mwengine chini ya mgongo, akamwambia, "Masikio yaingie majini, tazama juu."

Akaingiza masikio. Akatazama majani. Mikono ikaondolewa mmoja baada ya mwengine, na akabaki juu ya maji, peke yake, labda sekunde kumi na tano. Midomo yake ilikuwa inatikisika na tukajua anamuombea nani.

Alipotoka alilia sana, na sisi tukalia naye, tumelowa, tumejifunga kanga, tunakula mandazi baridi. Aliingia tena mara tatu kabla gari la kwanza halijafika.

Kwa wale munaotaka maziwa mengine ya namna hii: Duluti, karibu na Tengeru, Arusha, ni rahisi kwa mama mjamzito au mtu mzima, njia yake inazunguka msituni bila mlima mkali. Ngosi, Mbeya, ni ya wenye miguu, msitu mnene na baridi, chukueni sweta. Nako ni kwa kutazama kutoka juu. Walio na ndugu Uganda waulizie maziwa ya kasoko ya karibu na Fort Portal, yako mengi. Sisi bado hatujafika huko, inshallah.

Harusi ilikuwa Shaaban. Wiki moja baadaye alivuka kwenda Pemba kwa boti, na mume wake akatutumia picha: amekaa dirishani na hina bado haijafifia, jaketi okozi liko mapajani ingawa hakuna aliyemwambia alitoe. Juzi ametuandikia tumtafutie burkini mbili, saizi ya kati. Wifi zake wanataka kujifunza.