Nundu: siku watoto walipotafuta hazina barabarani

Huko Ufaransa kuna mchezo wa watu wazima. Siku ya mapumziko wanakutana asubuhi na magari yao, wanakunywa kahawa, wanapewa kitabu kidogo cha njia, halafu wanatoka kutafuta kitu ambacho hawajui kiko wapi. Wanauita ralli, lakini si ile ya mbio. Hapa anayekimbia ndiye anayepotea. Kitabu hakikuambii nenda kijiji fulani. Kinakuonyesha kitone na mshale: kitone ni mahali unapotokea, mshale ni mahali unapoelekea, na kando yake wameandika mita ngapi tangu alama iliyotangulia. Njiani kuna maswali. Kanisa hili lina madirisha mangapi? Kisima hiki kilijengwa mwaka gani? Kwenye jiwe la waliokufa vitani kuna majina mangapi? Majibu ukiyapanga vizuri yanakupa neno, na neno linakuonyesha hazina ilipofichwa. Kila gari lina pia bahasha zilizofungwa. Ukipotea kabisa unafungua moja, unaonyeshwa njia, lakini unakatwa alama.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi huko miaka mingi. Aliingia mchezo huo pamoja na wenzake wa kazini, na siku nzima akawa ananitumia sauti kwenye WhatsApp. Walipotea mara tatu. Walikula mkate na jibini kando ya shamba la ngano. Walibishana juu ya daraja moja hadi wawili wakanuniana. Hazina yenyewe, iliyochukuliwa na wengine, ilikuwa kikapu cha soseji na chupa za mvinyo. Akaniambia Wafaransa wana ugonjwa wa mambo haya: mwaka 1993 mtu alizika sanamu ya bundi, akatoa kitabu cha mafumbo 11, atakayeipata apewe bundi mwingine wa dhahabu na fedha. Watu wakachimba huku na huku kwa miaka 31, hadi Oktoba 2024 ilipotangazwa kwamba amepatikana. Nilipowasimulia wazee wa hapa Nundu, mmoja akatikisa kichwa: “Miaka 31 wanamtafuta bundi? Kwetu bundi ndiye anayekutafuta wewe.”

Tulicheka, lakini mwalimu mmoja wa sekondari hakucheka. Yeye ni mlezi wa skauti pia, na skauti wa kwetu wanaujua tangu zamani mchezo wa kufuata alama porini. Akasema: magari hatuna, barabara tunayo, na watoto wasiojuana tunao wengi.

Hilo la mwisho ndilo lililotusukuma. Ndugu wasikilizaji, nyinyi mnaoishi kwenye nyumba za kupokelewa mnalijua kuliko mimi. Kwenye bomba la maji kuna watoto wa Nundu, kuna watoto walioshuka kutoka milimani kwa sababu ya vita, na ukisogea kidogo kuna watoto wa Kirundi wa kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015. Wengine wao wamezaliwa hapa hapa. Wanasimama kwenye foleni moja kila siku, na maneno wanayoambiana ni ya kugombania zamu tu.

Basi tukapata watoto 24, vikundi 6, kila kikundi watoto 4 na baiskeli 1. Sharti la mwalimu lilikuwa moja: hakuna kikundi cha watu wa sehemu moja. Njia ilikuwa ya barabara kubwa kati ya Nundu na Lusenda, bila kupanda mlima, bila kuingia ziwani, na saa nane wote wawe wamerudi. Hazina: mpira wa miguu, madaftari, na bidoni ya lita 5 ya mawese aliyotoa mama mmoja mwenye kinu. Kabla ya yote tulimwarifu chefu wa lokalite na askari wa kizuizi. Watoto 24 wanaotembea na karatasi zenye mishale wanaweza kueleweka vibaya, na hapa kwetu kueleweka vibaya si mchezo. Mimi nilipanda pikipiki nyuma ya motari, nikibeba bahasha za msaada.

Wakati wa kutunga maswali ndipo tulipogundua kitu. Tulitaka kuiga Wafaransa, lakini hatukuwa na mahali pa kusoma. Kule baada ya vita ya 1914 hadi 1918 karibu kila kijiji kilisimamisha jiwe lenye majina ya vijana wake. Mgeni anashuka kwenye gari, anahesabu, anaandika jibu. Na vita ile ilifika kwetu pia. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipigana kwa meli kwenye ziwa hili letu, na mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji likafika mpaka Tabora, mizigo yake ikiwa vichwani mwa wapagazi, wale tenga-tenga. Waliondoka wengi na wengi hawakurudi. Mimi barabara hii naipita kila wiki na sijaona mahali yalipochongwa majina yao. Hata mambo ya juzi tu: Makobola, kwenye barabara hii hii ya taifa nambari 5 ukielekea Uvira, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema waliuawa watu zaidi ya 800 katika siku zile za mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999. Ukitaka kuwajua kwa majina itabidi uketi na watu wa pale, jamaa kwa jamaa.

Kwa hiyo mwalimu akaamua kwamba maswali yetu hayatasomwa ukutani. Kila swali lazima liulizwe kwa mtu. Hapo mchezo wa Kifaransa ukaanza kuwa wa Nundu.

Fumbo la kwanza lilikuwa jepesi: “Nendeni mahali ambapo watu wengi wa hapa walilia mara ya kwanza.” Kikundi kimoja kilikimbilia makaburini, kingine shuleni (na huko kweli watu hulia), lakini vinne vilienda moja kwa moja hospitalini. Hapo nje walitakiwa kumuuliza mama anayeuza maharage nani alipanda mti anaokaa chini yake. Mama akawaambia wakae kwanza wamsaidie kuchambua maharage, kwa sababu jibu ni refu. Nilipopita na pikipiki niliona vichwa vinne vimeinama juu ya ungo. Alama za haraka ziliishia pale.

La pili lilikuwa ziwani: “Hesabuni hatua kutoka mwembe wa wavuvi hadi maji, kisha mtafute mzee aliyehesabu kabla yenu.” Watoto wakahesabu 14. Mzee aliyekuwa anashona wavu akawaambia kwamba yeye alipokuwa kijana, ukitoka mwembeni kwenda majini unapita kwanza uwanja wa kuanika ndakala, halafu nyumba tatu, halafu mitumbwi. Maji yamepanda miaka hii, yamekula nyumba Uvira, yamekula nyumba Baraka, na kwetu yamekula uwanja wa ndakala. Mtoto mmoja wa Nundu, mwenye miaka 12, aliuliza: “Nyumba tatu za nani?” Mzee akataja. Moja ilikuwa ya bibi yake huyo mtoto, na hakuwahi kuambiwa. Nyumbani walimwambia tu kwamba bibi alihama.

La tatu ndilo lililosimamisha mchezo.

Kuna mto mmoja mdogo unaokata barabara. Kiangazi unauvuka na viatu mkononi. Mvua ikinyesha milimani, magari yanalala pande zote mbili. Swali lilikuwa: “Mto huu unaitwaje kabla haujafika barabarani?” Kwenye karatasi ya mwalimu jibu lilikuwa moja, jina ambalo wakulima wa mihogo wa juu kidogo wanalitumia. Vikundi vitano vilipata jina hilo kwa kumuuliza mpita njia, vikaendelea.

Cha sita kilichelewa. Nilifikiri wamepotea, nikamwambia motari turudi na bahasha. Tukawakuta wamekaa kwenye jiwe pembeni ya maji. Mvulana wa miaka kama 13, mmoja wa walioshuka milimani, alikuwa anasema, na msichana wa kambi ya Lusenda alikuwa anaandika. Tangu asubuhi mvulana yule sikuwa nimemsikia akifungua mdomo. Sasa alikuwa anataja mto kuanzia juu kabisa, unapotoka chini ya majani, hadi pale tulipokuwa: jina la chemchemi, jina la mahali pa kunywesha ng'ombe, jina la maporomoko, jina la pale mto unapojificha chini ya mawe. Majina saba. Msichana hakuwahi kuyasikia. Aliyaandika kwa mtindo wa Kirundi, mvulana akamsahihisha herufi kwa herufi. Hakuna aliyeniomba bahasha.

Njia ile hakuijifunza shuleni. Waliposhuka kukimbia, walifuata maji, usiku.

Tuliporudi Nundu ugomvi ukaanza, na ulikuwa mtamu. Vikundi vingine vikasema jibu la karatasi ni moja, kwa hiyo majina saba ni kosa moja kubwa. Msichana yule akasimama akasema swali halikuuliza jina la karibu. Mwalimu akakuna kichwa. Wazazi wakasogea. Baba wa mvulana alikuwepo, mtu anayelima mashamba ya wengine kwa kutwa, na kwa kawaida anasimama nyuma ya watu. Akachukua karatasi, akasoma polepole, akamwambia mwanawe: “Umeruka mahali pamoja.”

Mtoto akajibu: “Nimeparuka makusudi.”

Baba akarudisha karatasi bila kuongeza neno. Sikuuliza, na nawaomba na nyinyi msiulize.

Kisha mzee mmoja wa hapa akadai kwamba lile jina la tatu si hilo. Babu zake walikuwa na shamba kule, na waliita mahali pale kwa Kibembe kwa jina jingine. Nikaona sura zinabadilika. Ndugu zangu, tunajua jina la kilima linavyoweza kuwa kesi katika nchi yetu ya Fizi na Itombwe: anayetaja jina anaonekana kama anadai shamba, na anayedai shamba anaonekana kama anatafuta vita. Kwa dakika kama mbili nilijuta kuwa mwandishi wa habari wa karibu. Lakini mwalimu alifanya jambo dogo ambalo naliona lilikuwa la busara kuliko hotuba nyingi nilizorekodi katika mikutano ya amani. Alichora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika jina la mvulana, upande wa pili jina la mzee, akauliza: “Kuna mwingine analijua vipi?” Mama mmoja akatoa la tatu. Ukurasa ukajaa, wakahamia ukurasa wa pili, na watu waliokuwa wamesimama wakaanza kukaa chini.

Mzee yule ndiye aliyeniambia nisiyasome majina hayo kwenye redio. Baba wa mvulana naye alisema hivyo hivyo, kila mmoja kwa sababu yake. Nimewakubalia wote wawili, na ndiyo maana huyaoni hapa, wala jina la mto.

Kuhusu hazina: kikundi kilichomaliza mapema kilipata mpira na madaftari kama tulivyoahidi. Bidoni ya mawese ilileta mjadala mwingine, hadi mama mwenye kinu akasema mafuta ni yake na ataamua yeye. Akayagawa kwa vikombe, kila mtoto akapeleka nyumbani, na yule mama wa maharage akapata kikombe pia kwa sababu alisema bila yeye jibu la kwanza lisingepatikana. Watoto wanataka tuucheze tena kabla mvua haijaanza, mara hii kuelekea upande wa Mboko, na wanataka kutunga maswali wenyewe.

Daftari liko kwa mwalimu. Kama ulishuka kwa njia ya maji ile, au wazee wako walilima kule, na unajua jina la mahali ambalo halijaandikwa, nenda umwone mwenyewe jioni baada ya masomo. Asitume mtu sauti wala ujumbe wa simu. Ukurasa wa tatu bado una nafasi.