Nani Anahesabu Masikio ya Nakivubo?

Nakivubo, si Nakivale. Nasema mapema, maana ndugu zangu wa kambini wakiona jina hili watadhani nimekosea herufi. Nakivubo ni hapa katikati ya Kampala, kando ya uwanja wa mpira na ule mfereji mkubwa wa maji machafu. Ndipo tunapouza vitenge, viatu na mivumba. Na karibu kila kibanda kina redio.

Hapa mtu akitaka kujua ni mtangazaji gani mkubwa, hahitaji ofisi. Apite tu kutoka mferejini hadi Owino saa ya kipindi. Kama sauti moja inamfuata kibanda hadi kibanda, huyo ndiye mwenye mji. Mara nyingi sauti hiyo inaongea Kiganda. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, ilifungwa na serikali Septemba 2009, ikarudi hewani Oktoba 2010. Jirani yangu Mganda husema mwaka ule soko lilikuwa kama nyumba ya msiba.

Kabla ya hapo kulikuwa pia na bimeeza, yaani mijadala ya meza, ndugu ya neno letu kabisa. Ya Radio One ilifanyika Club Obbligato, watu wamekaa, kipaza sauti kinazunguka. Pale msikilizaji ulimwona kwa macho. Nazo zikapigwa marufuku Septemba ileile.

Lakini wenye pesa za matangazo hawapiti vibandani. Wananunua hesabu. Kampuni kama Ipsos zimekuwa zikiuliza watu: jana ulisikiliza redio gani, saa ngapi? GeoPoll inauliza kwa ujumbe wa simu, siku inakatwa vipande vya nusu saa, na anayejibu anapewa salio kidogo. Kisha majibu ya wachache yanakuzwa yalingane na hesabu ya watu wote. Kumbe katika hesabu hiyo hapimwi mtangazaji mwenyewe! Inapimwa nusu saa yake. Akiwekwa saa moja asubuhi, watu wakiwa kwenye taksi, anakuwa nyota. Mpeleke usiku wa manane uone.

Sasa sisi tuko wapi kwenye hesabu hiyo? Redio moja ya kibanda inasikilizwa na watu wanane, simu inayoulizwa ni moja. Na wengi wetu kwa miaka tulitumia laini za kuazima, zilizosajiliwa kwa jina la rafiki Mganda. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo tume ya mawasiliano ikakubali tusajili kwa kitambulisho cha ukimbizi au hata ile karatasi ya familia. Laini ya kuazima ikijibu, kwenye kompyuta yao huenda ikahesabiwa kuwa ni Mganda aliyejibu. Mkongomani hayupo.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya wauza sabuni. Hapana bwana. Ebola ilipotangazwa Septemba 2022, kisha ikafika Kampala Oktoba, matangazo niliyoyasikia pale kibandani yalikuwa ya Kiganda na Kiingereza. Yalipita kwenye vipindi vya wakubwa, wale wa namba ya kwanza. Mama mmoja kutoka Kivu, anayeuza karibu yangu, alisikia neno Ebola tu. Neno hilo analijua vizuri kuliko watangazaji wote, lakini ishara, namba ya kupiga, mahali pa kwenda, hakuna alichoshika. Alikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni. Nilimtafsiria mimi, na wengine watatu wakasogea kusikiliza. Ilikuwa malaria, Mungu ni mwema.

Basi wakubwa wa mashirika mnaosoma hapa, kabla ya kulipia dakika kwa mtangazaji wa namba ya kwanza, tumeni mtu mmoja na kalamu apite mferejini saa mbili asubuhi. Asiulize nani anasikiliza tu. Aulize nani ameelewa. Akija, aulizie safu ya vitenge, nitamwonyesha njia.