Mmumunye wa Nabii Yona

Wasomaji wa Qur'ani wanaukumbuka mti wa yaktini uliooteshwa juu ya Nabii Yunus. Wafasiri wengi wameueleza kuwa ni wa jamii ya mimumunye. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imeuita mtango. Kwa Kiebrania mmea huo ni kikayoni, na wataalamu wengi wanaudhani kuwa ni mbarika. Neno hilo moja liliwahi kuzusha ghasia kanisani.

Mwaka 403, Augustine, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Jerome, padri aliyekuwa akiishi Bethlehemu, habari za mji wa Oea, ambao ndio Tripoli ya Libya ya leo. Askofu wa huko aliruhusu Kitabu cha Yona kisomwe kwa tafsiri mpya ya Kilatini ambayo Jerome aliitoa katika Kiebrania chenyewe. Waumini walizoea mmumunye, neno lililotokana na tafsiri ya Kiyunani. Siku hiyo wakasikia jina la mmea mwingine utambaao. Wakachafukwa. Askofu akawauliza Mayahudi, nao wakaliunga mkono neno la zamani. Akalirejesha, asije akabaki bila ya waumini.

Jerome alijibu kwamba Kilatini hakikuwa na jina la mmea ule. Na lau angeliacha neno la Kiebrania kama lilivyo, nani angelifahamu? Kiebrania hicho alikisoma kwa Mayahudi. Baranina, mwalimu wake wa Bethlehemu, alimfundisha usiku kwa kuwachelea wenziwe.

Mkristo huyasoma maandiko haya akimtazamia Kristo ndani yake, na Jerome aliyasoma hivyo. Lakini yeye na wapinzani wake, walipohitalifiana, walibisha hodi mlango mmoja: wa wale waliotangulia kuyasoma. Hata hivyo, kalamu ya mwanafunzi huyo iliwaandikia Mayahudi maneno makali, yasiyolingana na deni lake kwao.

Nacho Kitabu cha Yona hakiishii kwenye mmea. Mdudu anautafuna, unanyauka, nabii anaghadhibika. Ndipo Mungu anapomwuliza: ikiwa yeye anauhurumia mmea asioupanda, Ninawi yenye watu zaidi ya 120,000 isihurumiwe? Swali hilo kitabu hakikulijibu. Waliogombania jina la mmea kule Oea walikuwa wamebakiwa na aya chache tu kulifikia.